Sabuni ya kunyolea tuisifu kwa kazi yake halisi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie sabuni za kunyolea ndevu za mtindo wa zamani, zile zinazouzwa zikiwa kipande kigumu ndani ya kikopo au bakuli na kukorogwa kwa brashi iliyoloweshwa hadi zitoe povu zito. Sabuni hizi zimerudi kwa kishindo, na wauzaji wake wanazinadi kuwa zinalisha ngozi, zinatibu vipele na hata kuzuia uzee. Nimezitumia kwa zaidi ya miaka ishirini na sina nia ya kumharibia mtu biashara. Ninachosema ni kwamba tunazipa sifa zisizo zao, na ile wanayostahili watengenezaji wake haitajwi.

Sifa hiyo ni maji. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu, na wembe unaolazimishwa kuukata huuvuta kwanza na kuikwaruza ngozi inayouzunguka. Ukiloweshwa kwa dakika mbili au tatu, hasa kwa maji ya uvuguvugu, unavimba na kulainika, na nguvu inayohitajika kuukata inapungua sana. Shida ni kwamba ndevu zimepakwa mafuta ya mwili yanayozuia maji kupenya, na maji yenyewe hukauka usoni upesi. Hapo ndipo sabuni inapofanya kazi: inaondoa mafuta yale, povu lake linayashikilia maji juu ya ndevu muda wote wa kunyoa, na utelezi wake unaupitisha wembe bila kukwama.

Si kila sabuni inayoweza kazi hiyo, na nilijifunza hivyo kwa maumivu, kwani katika ujana wangu nilinyolea sabuni ya kuogea na shingo ikawaka moto kila nilipomaliza. Sabuni ya kuogea kwa kawaida hutengenezwa kwa kostiki soda pamoja na mafuta kama ya mawese na ya nazi. Povu lake ni jingi lakini ni la mapovu makubwa, nalo huzimika kabla wembe haujavuka shavu la pili. Fundi wa sabuni ya kunyolea huongeza kwa wingi asidi ya steariki, inayopatikana katika shahamu ya wanyama na katika baadhi ya mafuta ya mimea, na mahali pa sehemu kubwa ya kostiki soda hutumia potashi, magadi makali ya aina nyingine, ambayo huifanya sabuni iwe laini na iyeyuke kwa urahisi. Matokeo yake ni povu la chembe ndogo sana, zito kama maziwa mgando, lisiloanguka haraka. Zaidi ya hayo, mafuta yanapogeuka sabuni huzalisha gliserini, ambayo huvuta unyevu na kuushikilia kwenye ngozi. Viwanda vikubwa mara nyingi huitenga na kuiuza peke yake, ilhali mafundi wa sabuni hizi huiacha humo humo, na wapo wanaoiongeza.

Faida kwa ngozi, basi, ipo, lakini ni ya kuikinga isikwaruzwe. Kuilisha ni jambo jingine. Sabuni yoyote ya kweli, hata iwe imechanganywa na siagi ya mmea gani, ina pH (kipimo cha uchachu na umagadi, ambacho 7 ndiyo katikati na chini yake ni uchachu) ya takribani 9 hadi 10, wakati ngozi yenye afya hukaa karibu na 5. Ushauri kwamba povu liachwe usoni dakika nyingi baada ya kunyoa ili "ngozi inywe mafuta" ni ushauri mbaya. Povu lisuuzwe vizuri, na mafuta ya kupaka yafuate. Neno "asili" nalo lisimpumbaze mtu, kwa sababu manukato ya lavenda na ya maganda ya machungwa yana viungo ambavyo vikikaa hewani hubadilika na kuwaletea watu wengine mzio.

Kuhusu vipele lazima niseme waziwazi. Kwa wenye nywele za kipilipili, vipele vingi vya shingoni na kidevuni hutokana na unywele uliokatwa ukachongoka, kisha ukajikunja na kurudi kuichoma ngozi. Hakuna povu linalounyoosha unywele huo. Kinachosaidia ni kutumia wembe wa makali mamoja, kufuata uelekeo wa ndevu, kutoivuta ngozi na kuridhika na mnyoo usio wa chini kabisa. Na vipele vikianza kuacha makovu yaliyovimba, ni wakati wa kuweka wembe chini na kumwona daktari wa ngozi.

Wanaotumia povu la kopo la kubonyeza nao wasibezwe. Ukilowesha uso vizuri na kulisugua kwa dakika mbili kabla ya kunyoa, unapata sehemu kubwa ya faida niliyoieleza. Tofauti ni kwamba kopo humruhusu mtu kuharakisha, na brashi haimruhusu. Brashi nayo iwe ya mtu mmoja, isuuzwe na kukaushwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, brashi za manyoya ya farasi ambayo hayakusafishwa ipasavyo ziliwaambukiza kimeta askari na raia nchini Uingereza na Marekani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Tangazo la sabuni linapodai kutibu ngozi, ukurasa wenu wa afya umtafute daktari wa ngozi ili ajibu dai hilo katika toleo lile lile.

Msomaji wako wa siku nyingi