Mchicha wa Ohio haukufa kwa ubovu wa mbegu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Ohio. Wiki mbili zilizopita aliandika kwamba mbegu za mchicha zinazouzwa Marekani zimeuawa kiwandani makusudi, ili mtu asiweze kujilimia mboga zake. Alieleza kwamba mwanzoni mwa Aprili mwaka jana alipanda pakiti mbili na haukuota hata mche mmoja. Sasa anawaomba ndugu zake wa Dar es Salaam na Morogoro wamfungie mbegu kwenye mabegi ya wasafiri, zimfikie kabla ya majira ya kuchipua. Barua ile iliniuma, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, nikiwa nimeinama juu ya tuta tupu.

Mimi ni mzaliwa wa Makete. Mama yangu alitulea kwa viazi, njegere na chainizi za bustani yake, na baridi naijua. Mwezi wa Juni na Julai, kule juu Kitulo, unaamka unakuta majani yamekuwa meupe, na jua likishapanda viazi vya bondeni vinanyauka na kuwa vyeusi kana kwamba vimemwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo nilipofika Saint Paul, Minnesota, mwaka 2017 nilijiona mtu wa baridi tayari. Sikujua kwamba huku udongo wenyewe unaganda, zaidi ya mita moja kwenda chini. Sikujua pia kwamba hewa ikishapata joto, udongo hubaki nyuma kwa wiki kadhaa.

Siku za Pasaka ya 2019 jua liliwaka, majirani wakatoka na kaptula, nami nikatoka na jembe. Nilipanda mchicha tuta zima na maharage mistari minne, nikapandikiza na miche kumi na miwili ya nyanya niliyoinunua kwa fedha ya zamu mbili za usiku. Haikupita wiki mbili joto la usiku likashuka chini ya sifuri. Nyanya zililala zote usiku mmoja. Maharage niliyafukua nikayakuta yameoza, yananuka. Mchicha haukuonekana kabisa. Nikampigia mama simu nikamwambia mbegu za huku ni za uongo. Akaniuliza swali moja tu: "Udongo uliushika?" Sikuwa nimeushika. Niliangalia jua tu.

Ndugu yangu wa Ohio, mchicha ni mmea wa joto. Ukiutia kwenye udongo wa nyuzi joto saba au nane unalala, na ukilala muda mrefu kwenye unyevu unaoza. Unataka udongo wa nyuzi 18 hivi au zaidi. Maharage yanavumilia kidogo, lakini hayo nayo siyapandi kabla ya nyuzi 15. Nina kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka kwenye nyama. Nakichomeka udongoni asubuhi, kina cha sentimita kumi, siku tatu mfululizo, na nasoma namba kabla sijafungua pakiti yoyote. Kwetu Minnesota wazee wa hapa husubiri Siku ya Akina Mama, yaani Jumapili ya pili ya Mei, ndipo watoe nyanya nje. Mchicha mimi naupanda wiki ya mwisho ya Mei au mwanzoni mwa Juni. Ohio kuna joto kuliko huku, lakini mwanzo wa Aprili ni mapema mno hata kwenu. Ulizia tarehe ya baridi ya mwisho ya mji wako. Kila jimbo lina ofisi ya ugani ya chuo kikuu, na wanaijibu hoja hiyo bure. Kisha hesabu wiki kurudi nyuma.

Kuhesabu kurudi nyuma ndiko kuanza bustani kwenyewe, na kazi hiyo ni ya sasa, mwezi huu wa Machi, wakati nje bado kuna theluji. Vitunguu nilivisia mwezi wa Februari kwenye trei, ndani ya nyumba. Pilipili nazisia wiki hii, kwa sababu zinataka wiki nane hadi kumi kabla ya kutoka nje. Nyanya zinataka wiki sita hadi nane, kwa hiyo zinasubiri mwisho wa mwezi. Sukuma wiki inatosha wiki tano, nayo haina woga. Inatoka nje mwishoni mwa Aprili, na baridi ndogo ya usiku inaiongezea utamu. Njegere na figili hazihitaji trei. Udongo ukishayeyuka na ukaacha kunata mkononi kama ugali mbichi, zinaingia moja kwa moja. Mama aliposikia njegere zinatangulia maharage kwa mwezi mzima alicheka, akasema hata Makete ni hivyo, njegere ni mtoto wa baridi.

Kitalu cha ndani nacho kilinisumbua miaka miwili. Mwaka wa kwanza niliweka trei dirishani nikidhani mwanga wa dirisha unatosha. Miche ikarefuka kama nyuzi, ikaegemea kioo, ikalala. Sasa nina taa mbili ndefu za kawaida, nimezining'iniza sentimita chache juu ya majani, zinawaka saa kumi na nne kwa siku. Mwaka wa pili nilimwagilia kupita kiasi na kinyausi kikaingia: jioni unaiacha miche imesimama, asubuhi imekatika shingoni pale inapogusana na udongo. Dawa yake ni kumwagilia kutokea chini, kwa kuweka trei ndani ya sinia la maji na kulitoa baada ya nusu saa, kisha kuacha udongo wa juu ukauke kidogo. Feni ndogo ya mezani inayopuliza polepole inasaidia sana. Na kabla ya kupandikiza, miche iliyolelewa ndani inazoeshwa jua na upepo siku saba hadi kumi, muda wa saa moja leo, muda wa saa mbili kesho, na usiku inarudi ndani. Ukiruka hatua hiyo majani yanaungua na kuwa meupe, na utadhani ni ugonjwa.

Kuna jambo moja zito zaidi ya tarehe, na naomba wenye watoto wadogo walisome vizuri. Wengi wetu tunapanga nyumba za zamani. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978, na nyumba nyingi tunazopata sisi ni za kabla ya hapo. Rangi hiyo hubanduka na kudondoka miaka na miaka, risasi inabaki udongoni kando ya ukuta, na haiozi. Tuta langu la kwanza nililichimba hapohapo ukutani, kwa sababu ndipo theluji inapoyeyuka mapema. Mwaka uliofuata nilipeleka udongo maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ambayo hupokea udongo wa mwananchi yeyote kwa ada. Kipimo cha ukutani kilirudi na risasi nyingi. Cha katikati ya uwanja kilikuwa salama. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na alikuwa akicheza pale ukutani na kijiko kila jioni. Nilimkimbiza kupimwa damu siku hiyohiyo, na namshukuru Mungu kwa majibu tuliyopata. Sasa bustani iko mbali na ukuta, ndani ya maboksi matatu ya mbao yenye kimo cha sentimita 30, tumejaza udongo wa kununua na mboji. Ukutani nimeweka matandazo ya vipande vya mbao ili udongo ule usirushwe na mvua. Pima kabla ya kulima. Mboga za majani zinashika vumbi, na watoto wanashika mboga.

Sasa hizo mbegu za kwenye mabegi. Nawaomba ndugu wa nyumbani, kwa upendo wote, msizifungashe. Mgeni wetu alikuja na mbegu za mchicha na mnafu ndani ya soksi. Zilichukuliwa uwanja wa ndege, na yeye akahojiwa mpaka akalia, mama mtu mzima aliyetaka kutufurahisha tu. Mbegu za kupanda zinatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea. Tanzania kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na upande wa Marekani nao una masharti yake ya kibali. Asiyezitaja kwa maofisa wa forodha anapoingia anaweza kupigwa faini. Mzigo wote huo wa nini, wakati mchicha unauzwa huku? Wajamaika wanaupika na kuuita callaloo, na pakiti zake zipo katika maduka ya mbegu kwa jina hilo. Na mchicha pori unaota wenyewe kando ya njia za Saint Paul, jirani yangu anaung'oa kila Julai kama magugu.

Ukiupanda kwa wakati, utashangaa. Mwishoni mwa Juni huku kwetu jua linachomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuchwa saa tatu usiku. Mchicha unakua mchana kutwa. Wiki ya tano tunachuma, naukaanga kwa kitunguu na nyanya, naweka tui, na binti yangu anaomba ugali aongezewe.

Msomaji wa Ohio, kama umebakiwa na mbegu za pakiti zile, usizitupe. Leo jioni hesabu kumi, zipange juu ya karatasi laini ya jikoni iliyoloa, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki na uiweke juu ya jokofu, penye joto. Siku ya tano fungua uhesabu zilizotoa mizizi. Kisha tafadhali mwandikie Mhariri idadi yake, nami nitaisubiri katika ukurasa huuhuu.

Mzaliwa wa Makete,
Saint Paul, Minnesota