Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024

Ndugu wanachama, salamu. Ya kawaida nayapitisha haraka maana mmeshaona picha kwenye grupu: semina zimefanyika, safari ya msitu wa Amani tumeenda tukarudi salama, data za wadudu zimepelekwa GBIF, hifadhidata ya dunia ya rekodi za viumbe. Mengine katibu kayaandika kwenye muhtasari.

Sasa hili la fomu ya kuandikia sampuli zetu za viumbe. Najua mmesema sana, kuna walioniita dikteta wa kolamu, sawa. Kamati iliamua hivi: sampuli iandikwe kwa Darwin Core, kiwango cha kuandika rekodi za viumbe, sikwensi za vinasaba ziandikwe kwa MIxS, kiwango cha kueleza sikwensi zimetoka wapi, na namba ya sampuli iwe ileile toka porini mpaka maabara, la sivyo haiingii kwenye hifadhidata yetu. Sasa jamani, MIxS inataka latitudo na longitudo kwenye kolamu moja, Darwin Core inataka kila moja na ya kwake, mtu wa maabara anajaza anavyojua, wa makumbusho anavyojua, mwishowe mnyama mmoja anahesabiwa wawili na anayekesha kuwaunganisha ni mimi, tena kwa bando langu.

Mwangalieni kipunji, yule kima wa mlima Rungwe. 2005 katangazwa kwenye jenasi ya Lophocebus, 2006 vinasaba vikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani, akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Aliyeunganisha data kwa jina peke yake kashapotea hapo, ila namba ya sampuli haijali mmembatiza mara ngapi.

Na wala sikuyatunga mimi. TDWG wanaotunza Darwin Core na GSC wanaotunza MIxS wenyewe walikaa kikosi kazi kimoja kuoanisha hivyo viwango viwili, na hifadhidata kubwa za sikwensi, GenBank, ENA na DDBJ, tangu 2023 wanadai nchi na tarehe ya kukusanya kwa kila sampuli mpya. Mimi nilishasema kabla, wakaniambia nina haraka. Wazee wetu wenye hofu kuwa majangili wataona mnyama yuko wapi nao wamesikika, Darwin Core inaruhusu kuficha koordineti au kuzitaja kwa ujumla, mradi uandike kwamba umefanya hivyo. Mngekuja kwenye kikao mngeelezwa.

Na vikao ndo aibu kabisa. Tuko 61, mkutano wa Agosti walikuja 14 na wawili kati yao walifuata wali. Ada ni 30,000 kwa mwaka, waliolipa 19, halafu asiyelipa ndo wa kwanza kuuliza hela za seva zimeenda wapi. Zimeenda kwenye seva, risiti anazo mweka hazina, na pengo la Oktoba nilijazia mfukoni mwangu ingawa sikutaka kulitaja.

Mwakani tunatarajia Mungu akipenda kupata mfadhili, kuingiza na rekodi za zamani za mimea, na labda mafunzo ya vijana. Fomu inabaki ilivyo. Mwenye neno aje kwenye mkutano, akiwa kashalipa.

Mwenyekiti