Mheshimiwa Afisa Uvuvi, naomba kadi yangu ya picha

Kwako Mheshimiwa Afisa Uvuvi wa Wilaya,

Salamu nyingi. Naandika hadharani kwa kuwa barua tatu nilizoleta ofisini, ambazo karani wako alizigonga mihuri vizuri sana, hazijajibiwa.

Jumamosi iliyopita askari wa mwaloni walininyang'anya kamera nikiwa mtumbwini. Kosa langu ni kushusha majini kifuniko cha sufuria kilichopakwa nyeupe na nyeusi, kwenye kamba yenye fundo kila sentimita 10. "Unatega nini?" Nikawaeleza: kipimo hiki alikianzisha Padre Angelo Secchi wa Italia mwaka 1865. Unashusha mpaka kisionekane, unahesabu mafundo. Mwaka 1927 katika Ziwa Victoria letu hili kilionekana hadi mita saba hivi. Changu kilipotea fundo la sita, nikapiga picha maji ya kijani kama kisamvu. Nadhani ni maji ya vyoo na udongo wa mashamba vinavyolisha mwani, ila wenye maabara ni ninyi.

Kamera ilirudi jioni. Kadi haikurudi. Humo mna picha za Jumamosi za miezi 14, na nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani waitwao pia furu, wangali na rangi zao. Jike la nkejje huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walieleza kuwa maji yakitibuka hawaonani vizuri, aina zikachanganyika na kupotea. Mpe mvuvi habari hiyo kwa namba tupu, atapiga miayo. Mwoneshe picha, kipimo kikiwa pembeni, atauliza mwenyewe. Wenzetu wa baharini walifanya hivyo 2016: picha za matumbawe yaliyopauka Great Barrier Reef, kule Australia, zilikwenda pamoja na joto la maji.

Sisi Januari 2021 mputa, yaani sangara, walipoelea wamekufa, picha zilizagaa bila kipimo chochote, kila simu ikisema sumu. Serikali ilipotaja upungufu wa oksijeni, nani alisikiliza?

Wewe mwenyewe, kikaoni, ulisifu kazi hii. Uliahidi kibali ndani ya wiki mbili, na ukuta wa soko la samaki tubandike picha. Ukuta nauona kila siku. Una bango lako ukikata utepe wa choo.

Kibali nitasubiri, nimezoea. Ukuta pia. Lakini kadi, Mheshimiwa. Ni nyeusi, ndogo kama ukucha, ina kipande cha plasta chenye jina langu. Haikuzama ziwani, imo kwenye droo ya mtu, na mtu huyo yuko chini yako. Naomba kadi yangu.

Mpiga picha wa mwaloni