Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbu wa Winsor McCay

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atawasomea mweka hazina, na mambo ya kamati yako kwa katibu. Mimi naomba nizungumzie kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: katuni isiyo na sauti ya Mmarekani Winsor McCay, ya mwaka 1912, inayomhusu mbu.

Baadhi yenu mliuliza kwa nini vikao vyote vile viishie kwenye kichekesho cha takribani dakika 6. Swali la haki kabisa. Kisa chenyewe ni kifupi: mbu mkubwa mwenye kofia ndefu na mkoba anamfuata mwanamume chumbani, anapenya kwenye kidirisha cha juu ya mlango, anamnyonya usingizini tena na tena, mwishowe anapasuka kwa shibe.

Lakini litazameni lile tumbo. Kila mbu anapochomoa mrija wake, tumbo limefura zaidi, na mwendo wake unabadilika. Aliyeingia mwepesi sasa anainuka kwa taabu. McCay amechora uzito, na kicheko chote kinatoka hapo. Miaka minne nyuma, Mfaransa Émile Cohl alifurahisha watu kwa mistari inayogeuka kitu hiki mara kile, miili isiyo na uzani wowote. McCay alishika njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu zaidi. Hana haraka. Anampa mbu wake nafasi ya kunoa mrija kwenye jiwe kama fundi anayejiandaa na kazi, nasi tunakaa tukijua mlalaji atapatwa na nini.

Yote hayo yalichorwa kwa mkono, michoro ipatayo 6,000. Njia ya mkato haikuwapo bado: mbinu ya kuchora wahusika kwenye karatasi angavu juu ya mandhari isiyobadilika, Mmarekani Earl Hurd aliisajili mwaka 1914, miaka miwili baadaye.

Nawapongeza vijana wetu waliojaribu kuchora mdudu anayeshiba. Wengi walikuza tumbo wakasahau mabawa. Mbu akaruka vilevile kama ana njaa. Hilo ndilo la kufanyia mazoezi.

Kamati inapendekeza mwakani tumwangalie Gertie, dinosaria wa katuni ya 1914, ambaye McCay alikuwa akisimama jukwaani mwenyewe na kumwamrisha. Pendekezo hilo litapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti