Usinunue difu kwanza

Uyole, Mbeya

Baba Neema, kamwene!

Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila baridi imepamba moto, Tumaini anaenda shule na masweta mawili.

Ile sauti uliyonirekodia ukiwa njiani nimeisikiliza. Mama Tumaini alikuwa jikoni, akachungulia mlangoni: "Mbona kama gari letu lile la mwaka jana?" Kweli kabisa. Ni nyiiii ileile, inaanza spidi ikigusa 60, inapanda kadiri gari linavyokimbia, na ukiachia mafuta inageuka kuwa mvumo mzito. Nimeshtuka kusikia fundi kakwambia ununue difu nzima iliyotumika, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Nakuomba, hela usiitoe kwanza.

Letu lilianza kulia mwishoni mwa mvua, wakati nashusha viazi kutoka Isyonje. Fundi wa kwanza aliinua boneti, akasema fani belti. Tukaweka mpya, mlio upo. Wa pili akasema beringi za magurudumu ya nyuma. Nikanunua za pande zote mbili, gari likalala gereji, kesho yake mlio ni uleule. Faida ya safari mbili za viazi iliishia hapo, ada ya Tumaini ikabidi nikope. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyepanda gari tukatoka nalo barabarani akalisikia.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja anayefanyia kazi zake chini ya mti. Hakushika spana. Aliniuliza, "Linalia lini?" Nikaanza kumwigizia mlio. Akasema, "Sijauliza linaliaje. Lini?" Kisha akapanda.

Kwanza, gari likiwa limesimama, gia frii, alikanyaga mafuta injini ikapanda hadi juu. Kimya. Basi belti, altaneta na pampu ya stelingi zikatoka kwenye hesabu, maana hizo zinafuata mzunguko wa injini hata gari lisipotembea. Tukaingia lami. Kwenye 70 akalipeleka kushoto na kulia taratibu, kama anayekwepa mashimo. Mlio haukuongezeka wala kupungua. Beringi ya gurudumu iliyokufa, uzito ukihamia upande wake, kwa kawaida huongeza kelele. Tukatoka lami tukaingia vumbi, mlio ni uleule, kwa hiyo si tairi. Halafu akaweka frii gari likiserereka: mlio ukabaki, ila ukapoa kidogo. Mwisho akawa anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, na kila mguu ulipohama sauti ilihama papo hapo. Akasema difu, beringi za pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela. Meno ya pinioni yanasukuma upande mmoja ukikanyaga na upande wa pili ukiachia, kwa hiyo pinioni ikishakuwa na mchezo, yaani ikilegea, kila upande unalia kwa namna yake.

Nawe jaribu hivyohivyo, lakini tafuta tambarare. Frii kwenye mteremko usithubutu.

Tulipolala chini ya gari, pua ya difu pale inapofungwa propela, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye gia boksi, ilikuwa imelowa, vumbi limegandia juu yake jeusi kama masizi ya sufuria. Mzee alifungua kwanza bolti ya kujazia, kabla ya ile ya kumwagia, kwa sababu ya kujazia ikigoma baada ya kumwaga umebaki na difu kavu na huna pa kurudishia. Akaingiza kidole kidogo. Oili ilitakiwa iwe usawa wa tundu. Kidole kilitoka kikavu. Iliyomwagika haikufika lita moja, na ilikuwa inameremeta kama rangi ya fedha. Bolti ya chini ina sumaku, na sumaku ilikuwa imeota ndevu za unga laini wa chuma. Akazisaga kati ya vidole, akasema afadhali, vingekuwa vipande tungekuwa tunazungumzia meno.

Sasa sikiliza hapa, Baba Neema, maana ndiyo sababu ya barua hii. Sili ya pinioni, ule mpira unaozuia oili isitoke, niliibadilisha miaka miwili nyuma, na ikavuja tena. Nilidhani niliuziwa feki. Mzee akapangusa juu ya ekseli, akanionyesha kitundu chenye kikofia kidogo, hakizidi ncha ya kidole gumba. Kilikuwa kimezibwa na tope lililokauka kama tofali. Difu inapumua pale. Ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka. Ikikosa pa kutokea inaisukuma oili kwenye sili. Ungeweka sili kumi, zote zingevuja. Oili ikapungua, beringi zikalika kwa ukavu, nyiiii.

Kraunwili, ile gia kubwa inayosukumwa na pinioni, na pinioni yenyewe zilikuwa nzima, hivyo tulibadilisha beringi mbili za pinioni, sili, na ile bushi inayobanwa katikati, ambayo haitumiki mara mbili. Hapo simama na fundi wako. Nati ya pinioni haikazwi kwa hasira. Anaikaza kidogo, anaizungusha pinioni kwa mkono, anakaza tena, mpaka mchezo uishe na mkono usikie uzito mdogo tu. Akipitiliza hadi ikawa ngumu, beringi mpya zitaungua. Oili iwe ya difu, 80W-90 yenye alama ya GL-5, siyo ya injini.

Leo hii, kabla ya kumuona mtu yeyote, lala chini ya pikapu na tochi. Angalia pua ya difu kama imelowa, kisha kitafute hicho kitundu juu ya ekseli, ukitoe tope. Ikiwa pamelowa, usilishushe mlima Kitonga hata kwa mzigo mdogo. Beringi ya pinioni ikikwama gari likiwa kwenye mwendo, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga, na najua Neema anapenda kukaa mbele na wewe.

Jumamosi napeleka mzigo Iringa. Nitalala kwako, asubuhi tulipande wote wawili nilisikie mwenyewe. Nakuja na debe la viazi, mwambie shemeji asinunue.

Ndugu yako,
Baba Tumaini