Kirikuu kilicholeta friji mpya kiondoke na ile mbovu

Mhariri, habari za kazi.

Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo huku Arusha limetukalia uani, yaani uani kabisa, maana pita nyumba yoyote kuanzia Sakina mpaka Sombetini hukosi friji mbovu nyuma ya nyumba imegeuzwa banda la kuku, TV ya chogo inanyeshewa, deki, rediokaseti, pasi zilizoungua, na ukimuuliza mwenye nyumba anakwambia namsubiri mtu wa vyuma chakavu.

Mi nauza mtindi na juisi, friji ndo jembe langu. Mwaka jana ikakata moto, fundi akaja akaipima akasema mama hii kompresa imekufa, kuweka nyingine ukiongezea kidogo tu unapata friji ya mtumba. Sababu wote tunaijua, umeme unakatika af unarudi kwa kishindo, hata ukiwa na friji gadi siku nyingine haifui dafu. Nikanunua nyingine kwenye duka moja mjini, sitalitaja, wakaileta na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, vizuri tu, vijana wapole, wakaingiza mpaka ndani. Nikawaambia wanangu, si mwondoke na hii mbovu basi, ya soda nitawapa. Wakacheka, mama sisi tumeambiwa tulete, hatujaambiwa tubebe. Kirikuu kikatoka getini kitupu. Gari la taka nalo lilipopita, jamaa akaiangalia akasema hiyo sio taka mama, huo ni mzigo. Na hela ya taka tunatoa kila mwezi.

Basi akaja kijana wa skrepa na toroli yake na mzani wa kuning'iniza. Nilikaa na kigoda changu nikamtazama mwanzo mwisho. Akailaza friji kifudifudi, akachukua patasi na nyundo akaupiga ule mrija mwembamba unaoingia kwenye kompresa, gesi ikatoka tssss mpaka ikaisha yenyewe, mafuta yakafuata, yakamwagika chini hatua chache tu toka kwenye mchicha wangu. Akafungua boliti, kompresa kwenye mzani. Akang'oa ule wavu mweusi wa nyuma, akanyofoa nyaya, akalichana bodi kutoa bati, ila ile sponji ya njano ya katikati hana kazi nayo akaiacha, upepo ukaipeleka kwa jirani na mbuzi wakaanza kuitafuna. Nyaya zenyewe wanaenda kuzichoma ili plastiki iishe wabaki na kopa, yaani shaba, ule moshi mweusi mnaouona jioni jioni ndo huo. Plastiki ya nyaya nyingi ni PVC, ina klorini ndani, ukiichoma hovyo hivyo inatoa sumu inaitwa dayoksini, na dayoksini haipotei hivihivi, inatua kwenye majani, ng'ombe anakula, inaenda kukaa kwenye mafuta ya nyama na ya maziwa. Sasa mi nauza maziwa, mnaona inaponigusa.

Kuhusu gesi, wengi wanadhani ni hewa tu inatoka. Angalia kibandiko nyuma ya friji yako au kwenye kompresa imeandikwa. Zile za zamani kabisa ni R12, ndo mojawapo ya zile zilizoiharibu ozoni, lile tabaka la juu angani linalotukinga na miale ya jua, mpaka dunia ikakaa Montreal mwaka 1987 ikakubaliana kuanza kuachana nazo. Zikaja za R134a, hiyo haili ozoni lakini kwenye kuongeza joto la dunia ni balaa, kilo moja tu ni sawa na zaidi ya tani moja ya hewa ukaa. Sawa, friji ya nyumbani ina gramu mia na kitu, mtu atasema kidogo, ila hesabu ni friji ngapi zinapigwa patasi Arusha na Moshi kwa mwaka. Na hizi mpya zilizoandikwa R600a gesi yake inawaka, ni ya jamii moja na ile ya mtungi wa jikoni, kwahiyo huyo kijana akija na grenda badala ya patasi cheche inaweza kumlipukia usoni. Mashine za kuvuta gesi ikaingia kwenye mtungi zipo, mafundi wengine wanazo, shida nani atamlipa fundi aje kuhudumia friji iliyokufa?

TV ya chogo ndo usiseme. Mwaka 2013 walipozima analojia huku kwetu tuliziokoa kwa king'amuzi zikaendelea kupiga kazi, saivi flati skrini zimeshuka bei basi zinatupwa kwa mpigo. Kioo cha chogo kina risasi, namaanisha yale madini yenye sumu, kwenye TV kubwa inaweza kufika kilo mbili na kuzidi. Mtu wa skrepa kioo hakitaki, anataka ile koili ya kopa iliyovaa shingoni, anagonga nyuma na jiwe anaichukua, vioo vinabaki korongoni watoto wanachezea. Masika ikija vinasombwa kuelekea mito ya Naura na Themi, na huko chini watu wanamwagilia mboga kwa maji hayohayo, mboga hizo tunakutana nazo sokoni Kilombero tunauliza fungu bei gani.

Simlaumu yule kijana hata kidogo. Ndo mtu pekee aliyekubali kuja, akanipa na hela mkononi, na bila wao chuma chote hiki kingekuwa mitaroni. Anafanya kwa patasi kwa sababu hana kingine, na analipwa kwa uzito wa chuma na kopa, hakuna anayemlipa kwa gesi aliyoizuia isitoke wala kwa kioo alichokifikisha panapotakiwa. Siku polisi wakianza kukimbizana na hawa vijana tutakuwa tumekosea mtu wa kukimbizana naye.

Kanuni zipo jamani, tangu 2021 serikali ilitoa kanuni maalumu za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya ile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Huku mtaani mimi sijaona hata kibao cha kuniambia nipeleke wapi. Na sio sisi tu, mwaka 2022 dunia nzima ilitoa tani milioni 62 za taka za aina hii, zilizojulikana kukusanywa na kurejelezwa vizuri hata robo hazikufika, na kwa Afrika ni chini ya asilimia 1. Ila majirani wanajitahidi, Rwanda wana kiwanda Bugesera cha kuchambua hivi vitu, Nairobi nako kuna kituo, na Nairobi toka hapa unapita Namanga tu unafika. Sisemi tuwapelekee mzigo wetu, kuzivusha taka hizi mpakani kuna vibali vyake vya kimataifa, na toka Januari 2025 masharti yameongezwa makali. Nasema tu inawezekana.

Ninachoomba mimi ni kidogo. Duka likiuza friji, TV, mashine ya kufulia, lile gari lililoleta kipya liondoke na kikuukuu. Basi. Ulaya hiyo ni sheria zaidi ya miaka ishirini sasa, duka linachukua la zamani bure ukinunua jipya la aina ileile, na maduka hayakufa. Usafiri ambao ndo gharama kubwa umeshalipiwa, gari lipo getini, vijana wa kubeba wapo. Friji kumi zikikusanyika sehemu moja fundi mwenye mashine anaitwa mara moja anavuta gesi zote, af ndo wale vijana wa skrepa wanaitwa wachukue chuma na kopa yao, wanauziwa kwa mkupuo, nao hawapotezi kitu.

Najua watasema nafasi ya kuweka hawana. Hapo ndo halmashauri iingie, itenge kiwanja chenye sakafu ya zege na paa, sio lazima pawe pakubwa, na iwe inapitisha gari la vitu vya umeme mtaa kwa mtaa hata mara moja kwa miezi mitatu, maana kuna watu hawanunui kipya, ni wajane na wazee wana friji za kina marehemu uani hawajui wafanyeje. Moshi wenzetu wamejijengea jina la usafi miaka mingi, hawa ningependa waanze wao ili sisi huku Arusha tuone wivu, maana bila wivu hatuamkagi.

Wakati tunasubiri, mwenye friji mbovu uani ang'oe mlango leo hii, bisibisi tu inatosha. Zile za zamani za komeo mtoto akiingia kujificha hawezi kufungua kwa ndani, na hata hizi za sumaku sio za kuamini mtoto mdogo. Maikrowevu nayo msiruhusu watoto wala fundi wa kubahatisha aifungue, ina kapasita inayotunza umeme hata ukiwa umechomoa waya, inaua. Na nyaya msichome, mwachie mtu aziuze hivyohivyo au azimenye kwa kisu.

Wenye maduka najua gazeti mnasoma. Atakayekuwa wa kwanza kubandika mlangoni kwamba ukinunua kwake anaondoka na kibovu chako, na kweli kikaenda kwa fundi wa kuvuta gesi, mi friji ya pili ya biashara nanunua kwake, hata kama kanizidishia kidogo.

Mama muuza mtindi,
Sakina, Arusha