Demo za geto msizikatishe tamaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee ile makala ya ukurasa wenu wa burudani iliyowaambia machalii wanaorekodi geto kwa simu waache kusambaza kazi zao mpaka wapate hela ya studio ya maana. Mwandishi namheshimu ila hapo sikubaliani naye kabisa.

Kuna mwanamuziki wa Marekani aliitwa Daniel Johnston, amefariki 2019. Kaseti zake za mwanzo alirekodi 1980 na 1981 kwenye chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wake huko West Virginia, na mashine yenyewe ni redio kaseti ya Sanyo ya dola 59, basi, hakuna mikisa hakuna fundi. Ukisikiliza mkanda unavuma mwanzo mpaka mwisho, piano ikigongwa sana sauti inapasuka, kuna mahali mpaka mama yake anasikika akimgombeza. Baadaye akahamia Austin, Texas, akawa anafanya kazi McDonald's huku anagawa kaseti mkononi, na mwanzoni hakuwa na namna ya kudabu kwa hiyo mtu akitaka kopi jamaa anakaa anaimba albamu nzima upya. Nzima jamani! Mwaka 1992 Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya rock ya Nirvana, wakati dunia nzima inamwangalia yeye, akatokea kwenye tuzo za MTV amevaa tisheti yenye mchoro wa kava ya kaseti ya Johnston ya 1983.

Mtu atasema huyo hakuwa na hela ndo maana. Haya, Bruce Springsteen, staa wa rock wa hukohuko Marekani, alikuwa nazo. Januari 1982 alikaa chumbani kwenye nyumba ya kupanga New Jersey na mashine ya Tascam ya traki nne, yaani inarekodi sauti nne mbalimbali kwenye mkanda mmoja, inayotumia kaseti za kawaida hizi hizi, akarekodi demo za kuifundishia bendi. Wakaingia studio na bendi wakajaribu, ikashindikana, kila wakiongeza vyombo ule upweke wa nyimbo unapotea, mwisho wake albamu ya Nebraska iliyotoka Septemba mwaka huohuo ikatolewa kwenye kaseti ileile aliyokuwa anatembea nayo mfukoni bila kava. Mafundi walihangaika sana kuihamishia kwenye santuri, lakini hawakuitupa.

Sasa huku kwetu Ngarenaro kuna chalii anapiga rock, gita la umeme kabisa, kwenye mji ambao watu wamezoea hip hop na rege. Anarekodi usiku kwa sababu mchana ni bodaboda na mashine ya kusaga, mvua ikinyesha unaisikia kwenye bati na ngoma inakuwa tamu zaidi. Alienda studio moja hapa mjini wakamwekea biti ya kisasa, gita wakalifukia, ukisikia ule wimbo humjui ni nani anaimba. Hiyo ndo studio ya maana tunayoambiwa? Mji uliotoa X Plastaz, watu waliochanganya rap na uimbaji wa Kimasai wakati wengi hata hawajawaza, hauhitaji kumwambia kijana asubiri.

Kwa hiyo Mhariri naomba mtenge hata kakona kadogo kila wiki mziandike demo za Arusha na Moshi, mzisikilize kama nyimbo, msizipime kwa usafi wa sauti tu. Na wasomaji wenye kaseti za zamani ndani, za kaka zenu, za bendi za mtaani, vunjeni vile vidude viwili vya juu ya kaseti ili mtu asirekodi mahubiri juu yake, ziwekeni mbali na jua na mbali na spika maana sumaku inafuta, mkipata wa kuzihamishia kwenye kompyuta mwambieni asikate kelele, ahamishe kama zilivyo.

Mwandishi wenu akitaka kumsikia huyo chalii, demo zake ninazo kwenye fleshi, aseme tu niwaletee ofisini.

Msomaji wenu,
Ngarenaro, Arusha